Kuuliza Njia Vvardenfell

Meli ya wafungwa hutia nanga Seyda Neen, kijiji cha wavuvi kilichozama nusu kwenye kinamasi, pwani ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Vvardenfell. Askari anakushusha gatini. Unaingizwa ofisi ya sensa na ushuru, mzee mwenye makaratasi anakuuliza kazi yako na nyota uliyozaliwa nayo, kisha afisa mwingine anakukabidhi bahasha uipeleke mji wa Balmora kwa mtu anayeitwa Caius Cosades. Baada ya hapo mlango unafunguka na habari yako nao inaishia hapo. Hapana wa kukusindikiza. Hapana mshale kwenye skrini unaokuonyesha pa kukanyaga. Kuna tope, uyoga mrefu kama mnazi, na kwa mbali sauti nzito ya mnyama anayelia kwa huzuni.

Hivyo ndivyo inavyoanza The Elder Scrolls III: Morrowind, gemu iliyotoka mwaka 2002 kutoka kampuni ya Bethesda, Rockville, katika jimbo la Maryland, Marekani. Nilifika Vvardenfell mara ya kwanza nikiwa sekondari, kwenye kompyuta ya kaka yangu, na diski ilitufikia bila boksi lake wala ramani ya karatasi iliyouzwa pamoja nayo. Tulichora ramani yetu kwenye daftari la hesabu. Karibu maneno yote ya watu wa kisiwa kile ni ya kusomwa, sauti ni chache mno, kwa hiyo kamusi ilikaa pembeni ya kibodi. Sasa nimerudi, mtu mzima mwenye kazi na familia, nikiwa na azma moja: kukipita kisiwa kwa miguu, nikielekezwa na wenyeji peke yao, bila kufungua mwongozo wowote.

Seyda Neen kuna kituo cha usafiri. Yule mnyama anayelia ni silt strider, mdudu mkubwa kuliko nyumba ya ghorofa, miguu yake mirefu na myembamba, mgongo wake umechongwa nafasi ya abiria. Dereva husimama ndani ya ganda na kumwongoza kwa kuzigusagusa nyama zake zilizo wazi. Unalipa dhahabu kidogo unashushwa Balmora. Nilimpa dereva salamu nikapita.

Kutembea Vvardenfell kuna gharama. Mhusika mpya huenda taratibu sana, na akikimbia pumzi zinamwishia. Pumzi katika gemu hii zina uzito wake: ndani ya mashine kila pigo la upanga huamuliwa kwa kura ya siri, na kura hiyo hupimwa kwa ustadi wako wa silaha na kwa nguvu ulizobakiza. Anayefika mbele ya panya akiwa hoi atamchapa mara kumi na upanga utapita hewani. Vijana wengi waliozoea gemu za leo huichukia kanuni hii na kuifunga gemu siku hiyo hiyo. Mimi naipenda kwa sababu inakufundisha mwendo wa msafiri. Unatembea, unatua, unatazama, na ukisikia mlio wa cliff racer, yule ndege mbaya mwenye mkia mrefu anayemfuata mtu bila kuchoka, unasimama kwanza uvute pumzi.

Kutoka Seyda Neen, kabla hujaenda mbali, mtu anadondoka kutoka mbinguni. Ni kweli. Unasikia ukelele juu, kisha mchawi mmoja, Tarhiel, anaanguka mbele yako na kufa. Kwenye mwili wake kuna daftari lenye majivuno ya uvumbuzi wake, na hati tatu za uchawi zinazompa mtu uwezo wa kuruka juu kupita milima. Ukizitumia utavuka robo ya kisiwa kwa mruko mmoja, na nguvu hiyo itakwisha kabla hujatua. Hakuna anayekueleza kilichompata. Maiti, daftari na hati vinatosha. Nilizichukua hati nikazitia mkobani. Sikuzitumia.

Karibu na pale, hatua chache tu kutoka kituoni, mlimani kuna mlango wa mbao. Ni pango la Addamasartus, maficho ya magendo, na kwa ndani nyuma ya geti wamo watu waliofungwa vikuku vya utumwa mikononi, wa jamii za Khajiit na Argonian. Ufunguo uko kwa mmoja wa wanaowalinda. Nilipokuwa kijana niliingia kutafuta mali. Safari hii niliingia kwa ajili ya ufunguo. Mtu aliyekulia pwani yetu, anayejua soko la Mkunazini lilikuwa wapi na misafara iliishia wapi Bagamoyo, hawezi kuupita mlango ule kama mapambo. Na Vvardenfell haikuwekei utumwa pangoni peke yake: Suran kuna soko la wazi, Tel Aruhn kuna lingine, na sheria ya nchi inaruhusu. Dola ya Cyrodiil iliyoitawala Morrowind kwa mkataba iliwaachia wenyeji desturi hiyo ili amani idumu. Wapo wanaoipinga kwa siri, kundi liitwalo Twin Lamps, na ili wakuamini lazima kwanza wasikie kwa vinywa vya watu kwamba umekuwa ukifungua vikuku.

Barabara inapanda kutoka kinamasini mpaka Pelagiad, na hapo ghafla unadhani umebadili nchi. Ngome ya mawe, nyumba za mbao zenye mapaa ya mgongo, askari wa dola wakinywa baa. Kisiwa kilikuwa chini ya ulinzi wa Hekalu la wenyeji, wageni hawakuruhusiwa kujenga, mpaka mwaka 414 wa zama zao kilipofunguliwa kwa walowezi. Safari ya mchezaji ni mwaka 427. Kwa hiyo Pelagiad ni mji mchanga. Caldera, kaskazini zaidi, ni mchanga pia, na umesimama juu ya kampuni ya madini yenye hati ya mfalme mkuu inayochimba ebony. Nilipokuwa kidato cha tatu tukisoma jinsi kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilivyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, na ile ya Wajerumani iliyotangulia mwaka 1885, nilielewa haraka kuliko wenzangu darasani, kwani nilikwisha kutembea ndani ya ofisi kama hizo Caldera na kuona nani anabeba mzigo na nani anaandika hesabu. Hata adui mkuu wa hadithi, Dagoth Ur, aliyejifungia ndani ya mlima wa volkano, anahubiri kuwafukuza wageni. Anachokitumia ni ugonjwa unaoharibu miili na akili za watu wake mwenyewe. Waandishi hawakukurahisishia upande wa kusimama.

Balmora niliingia jioni. Mto Odai umeukata mji katikati, madaraja yanaunganisha pande mbili, nyumba zina dari bapa na rangi ya udongo. Nilikuwa na jina la mtu na jina la mji, basi. Ilibidi kuuliza kama unavyotafuta nyumba ya mtu Magomeni: unaanza na wa kwanza unayekutana naye, huyo anakupeleka kwa mwenye baa, mwenye baa anajua. Mwenye baa wa South Wall ndiye aliyenielekeza kwa Caius, upande wa kaskazini-mashariki wa mji, chumba kimoja kwenye safu ya nyumba za watu wa hali ya chini. Caius ni mzee kifua wazi, mvutaji, na pia ni mkuu wa majasusi wa dola kisiwani. Cha kwanza alichonifanyia ni kunipa pesa na kuniambia nikatafute kazi nyingine kwanza, niizoee nchi. Sijaona gemu nyingine ambayo hadithi yake kubwa inakutuma ukaishi kabla ya kukuhitaji.

Kazi ya kweli ya kwanza ndiyo inayoonyesha moyo wa mchezo huu. Caius anataka habari, mwenye habari ni msomi Hasphat Antabolis katika chama cha wapiganaji, na Hasphat hatoi kitu bure: anataka kisanduku cha Dwemer kutoka magofu ya Arkngthand. Magofu yako wapi? Anakueleza kwa maneno. Utoke mji kwa kusini, uelekee ngome ya Moonmoth, upite mashariki mpaka daraja la kale la Dwemer lililovuka Foyada Mamaea, ukishavuka upande mlima. Maneno hayo yanaingia kwenye shajara yako, na ramani haiongezi hata nukta.

Nilitoka alfajiri. Foyada ni mfereji uliochimbwa na moto wa volkano ukiteremka kutoka Red Mountain kwenda baharini, ukuta wake mweusi, chini yake majivu matupu. Daraja lipo kweli, la chuma na mawe, kazi ya Dwemer, taifa lililotoweka lote kwa mara moja katika vita ya zamani. Baada ya daraja, njia inakuwa fununu. Upande umbali gani? Kushoto au kulia? Nilisimama nikaisoma tena shajara, nikautazama mlima, nikayapima maneno ya Hasphat na mawe yaliyokuwa mbele yangu, na hapo ndipo nilipojikuta naitazama nchi kwa umakini ambao gemu chache zimewahi kunidai. Kila mwamba ulikuwa na maana kwa sababu huenda ndio uliotajwa. Magofu yalipojitokeza, mlango wake ulikuwa kuba la chuma lisilo na kitasa. Karibu yake kuna bomba, na juu ya bomba mkono wa kuzungusha. Unauzungusha, kuba linafunguka. Nalo hilo hakuna alama inayokuonyesha.

Miaka minne baadaye, 2006, Bethesda hiyo hiyo ilitoa Oblivion, na ndani yake kukawa na dira yenye mshale: popote unapotakiwa, mshale unakuonyesha, na mahali palipokwisha kufikiwa unapabofya ramanini ukajikuta umefika. Skyrim ya mwaka 2011 ikaendelea hivyo hivyo, ikauzwa kwa mamilioni ambayo Morrowind haikuyaota. Nazipenda zote mbili. Lakini ndani yake nimekamilisha kazi nyingi nikiwa sijui mteja wangu alisema nini, kwa kuwa sikuhitaji kumsikiliza. Vvardenfell asiyesikiliza hafiki. Wapo pia wanaokuelekeza vibaya, wanaosema mashariki pakiwa magharibi, na walionizidi kwa kuipenda gemu hii wamekuwa wakiyakusanya makosa hayo kwa miaka. Kwangu kosa la namna hiyo halinikeri. Mwenyeji naye anaweza kukosea njia.

Gemu iliyoitangulia Morrowind katika mfululizo mkuu, Daggerfall ya mwaka 1996, ilikuwa na nchi pana kupita kiasi, miji na mapango kwa maelfu yaliyozalishwa na kompyuta yenyewe, na kila pango lilifanana na la pili. Kwa Morrowind, Todd Howard aliyeongoza mradi, Ken Rolston aliyekuwa mbunifu mkuu na wenzao walikata nchi ikabaki kisiwa kimoja, wakakipanga kwa mkono. Kikombe mezani kimewekwa na mtu. Pete ndani ya pipa nyuma ya ofisi ya ushuru imewekwa na mtu, nayo ni ya mwenyeji fulani kijijini atakayekupenda ukimrudishia. Ndiyo maana maelekezo ya maneno yanawezekana: daraja analolitaja Hasphat ni moja tu katika nchi nzima.

Na nchi iliyopangwa hivyo ina mtandao wa usafiri wa kujifunza kama unavyojifunza vituo vya mji mgeni. Silt strider wana njia zao, mashua zina zao, na waongozaji wa chama cha wachawi wanakurusha kati ya miji mitano tu. Ukitaka kutoka Balmora hadi Dagon Fel, kijiji kilicho kwenye kisiwa cha mbali kaskazini, unapanda strider hadi Ald'ruhn, unaunganisha hadi Khuul, halafu mashua. Ukinaswa porini, kuna uchawi wa kukuvuta hadi hekalu la wenyeji lililo karibu, na mwingine wa kukuvuta hadi madhabahu ya dola, na mwenye kuijua nchi anajua kila mmoja utamtupa wapi. Nilistaajabu kuona ninayakumbuka yote haya. Jina la mwalimu wangu wa fizikia limenitoka, lakini vidole vilijua Khuul.

Kwenye njia karibu na Caldera nilikutana na Pemenie, mwanamke anayeomba asindikizwe mpaka Gnaar Mok, naye ana buti za kasi ya ajabu. Ukizipata na kuzivaa unakimbia kuliko kitu chochote kisiwani, na macho yako yanazima kabisa. Skrini nyeusi, mngurumo wa upepo, basi. Wachezaji wazoefu wana ujanja wa kukipinga kiza hicho kwa uchawi wa kinga wakati wa kuzivaa. Nilimfikisha Pemenie Gnaar Mok, na buti sikuzivaa.

Kaskazini ya Ald'ruhn nchi inakauka. Mji wenyewe umejengwa kuzunguka ganda la kaa wa kale, Skar, mkubwa kiasi kwamba wakuu wa ukoo wa Redoran wanakaa ndani yake. Huko niliambiwa nimtafute Zainsubani, mtu wa makabila ya Ashlander aliyeacha maisha ya hema akawa mfanyabiashara, ajuaye desturi zao. Kabla ya kumwendea unatakiwa uulize watu anapenda nini, kwa sababu kwao mgeni haji mikono mitupu. Jibu ni mashairi. Nilikwenda duka la vitabu nikanunua kitabu cha mashairi nikampelekea, naye akafunguka: usiingie hema bila kukaribishwa, heshima kwa wakuu, namna changamoto inavyotolewa na namna inavyokataliwa bila kumwaga damu. Haya yote ni maandishi kwenye skrini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini shairi linafungua mlango, na nadhani ndiyo sababu sehemu hii ilinishika tangu utotoni.

Kutoka Maar Gan nilifuata Foyada Bani-Dad kwa miguu hadi baharini, kisha pwani kuelekea mashariki kuzitafuta kambi za Urshilaku, moja ya makabila ya Ashlander. Dhoruba ya majivu ilipiga. Mhusika hujifunika uso kwa mkono akienda kinyume cha upepo, na ulimwengu unakuwa mwekundu, huoni hatua kumi. Nilisubiri nyuma ya jiwe, kisha nikaendelea. Wa kwanza kumwona alikuwa mchungaji na guar wake. Nikamwuliza.

Safari hii niliicheza kwa OpenMW, injini mpya iliyoandikwa upya na watu wa kujitolea kama programu huria. Unaleta mafaili ya gemu yako halisi, nayo inayaendesha kwenye mashine za leo. Inaweza kitu ambacho kompyuta ya mwaka 2002 haikukiweza: kuonyesha mbali. Gemu ya asili inaficha kila kilicho mbele kidogo kwa ukungu, kwa kuwa mashine zisingeweza kuchora zaidi. Niliuondoa ukungu huo nikiwa kilimani juu ya Seyda Neen. Mji wa Vivec, niliouweka moyoni kama safari ya siku nzima, ulikuwa pale tu ng'ambo ya maji. Red Mountain ulikuwa kilima cha wastani. Kisiwa chote ni kidogo, na vilima vyake vimepangwa kwa ustadi ili usione bonde la pili ukiwa la kwanza. Nikaurudisha ukungu siku hiyo hiyo. Wapo wanaosema kuona mbali ni kuitendea haki kazi ya wachoraji. Mimi naona ukungu ule ni sehemu ya nchi kama majivu yake. Uliwekwa kwa udhaifu wa mashine, lakini wabunifu waliupangia barabara, vilima na maelekezo yao, na ukiuondoa maneno ya Hasphat hayana kazi tena.

Upo mradi mwingine wa kujitolea, Tamriel Rebuilt, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na haujakoma. Hao wanaijenga bara ya Morrowind, sehemu ambayo Bethesda iliiacha nje ya kisiwa, mji kwa mji, kwa mkono, kwa kanuni zile zile za kuuliza njia. Watu wameingia kwenye kazi hiyo wakiwa wanafunzi na wameiacha wakiwa wazazi, na wengine wamepokea. Nilivuka hadi Old Ebonheart. Ni mji mkubwa wa bandari, wenye vichochoro nisivyovijua hata kimoja, na kumbukumbu zangu za Khuul na Caldera hazinisaidii chochote huko. Nimepewa mzigo wa kupeleka bara ndani, kwa mtu nisiyemjua, na maelekezo aliyonipa mpishi wa nyumba ya wageni yana mito miwili na mti uliopigwa radi. Mto wa kwanza nimeshauvuka.